Kengele Iliyowanyima Wasichana Wetu Pointi



Juzi tulikwenda skuli kuwatazama watoto wetu kwenye chemsha bongo. Wasichana wanne meza hii, wavulana wanne meza ile, na kila meza ina kengele yake. Anayewahi kubonyeza ndiye anayejibu. Akikosea, hakatwi kitu.

Basi wavulana wakawa wanabonyeza swali likiwa halijafika hata nusu. Wanabahatisha, wakikosa wanacheka, na swali linatupwa. Wasichana wetu walisikiliza mpaka mwisho, kama walivyofundishwa chuoni kwamba mwalimu hakatizwi maneno. Wakafungwa vibaya. Kwenye daladala mmoja wao akatuonesha karatasi yake. Majibu mengi alikuwa ameshayaandika, tena sahihi.

Wapo wenzetu waliosema wasichana wachangamke, waache haya. Sisi hatukubali. (Haya hizo hizo si ndizo tunazozisifia siku ya posa?) Mtoto hana kosa hapa, kanuni ndiyo mbovu. Kubahatisha kukiwa bure, mwenye kidole chepesi atabahatisha tu.

Uingereza wana kipindi cha televisheni cha wanafunzi wa vyuo vikuu, University Challenge, kilichoanza 1962. Kengele ipo, na kukatiza swali ruhusa. Lakini ukikatiza ukakosea unapoteza pointi 5, na wapinzani wako wanasomewa swali lote. Ukipatia unapewa 10, kisha timu yako inaulizwa maswali mengine matatu ya pointi 5 kila moja. Hayo mnanong'onezana kwanza, ndipo mnajibu. Yule mpole anayejua anapata pa kusemea.

Marekani nako, kwenye mashindano ya namna hii, swali hupangwa likaanza na dokezo gumu na kumalizia na jepesi. Anayewahi hapo anakuwa anajua kweli.

Hatusemi kengele iondolewe. Bila kengele ukumbi mzima utasinzia, na sisi wenyewe tulipiga makelele siku ile mpaka sauti zikakauka.

Sasa chuoni kwetu kuna chemsha bongo ya Maulidi, na tumeshamfuata ustadhi. Kukata pointi 5 amekubali papo hapo. Hayo ya kunong'onezana anasema bado anayafikiria, na Ijumaa tunarudi kwake.