Mlango Walindwa, Lori Layeyushwa

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyotungwa kwa ajili ya Tanzania Bara, inautaja kwa jina mlango wa mbao uliochongwa kwa nakshi za Kiafrika au za Mashariki kabla ya mwaka 1940, na kuuweka katika ulinzi wa dola. Sisi wa visiwani, ambao Mji Mkongwe wetu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, hatuhitaji kufundishwa thamani ya mlango. Walakin nauliza: ikiwa ubao uliopitiwa na patasi ya fundi una haki ya kutunzwa, kwa nini lori kuukuu lililobeba uchumi wa jimbo zima halipati hata mtu wa kulifunika turubai?

Nazungumzia Newala, iliyo ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, na Masasi iliyo chini yake upande wa magharibi. Waingereza walipoanzisha mradi wao wa karanga waliijengea Kusini reli iliyotoka Mtwara hadi Nachingwea, na tawi lake likafika Masasi. Mradi ulitangazwa kushindwa mwaka 1951; reli ikafungwa mwaka 1962. Tangu hapo mzigo wa nchi ile ukawa juu ya mgongo wa lori. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000, na sehemu kubwa ilitoka Kusini. Mzigo huo, kwa lori la tani 7, ni safari zaidi ya 20,000. Wakati huohuo, kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji ilikuwa Nachingwea, na mahitaji yake hayakufika huko kwa ngalawa. Na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, masika yakishuka Mto Rufiji uliikata Kusini na nchi nyingine. Dereva na utingo wake wakalala kivukoni, mzigo ukiwa juu, chakula kikiwa haba.

Hiyo ndiyo historia inayouzwa leo kwa kilo. Bedford, Leyland, Fiat, Scania: majina hayo yalijulikana na kila mtoto wa Kusini kabla hajajua kusoma. Sasa mnunuzi wa chuma chakavu huja na mizani na gesi ya kukatia, chasisi ikakatwa vipande, vipande vikapelekwa tanuruni. Lori lililobeba korosho za baba linageuka nondo za ghorofa asilolijua mwanawe.

Nenda Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Utaliona gari la Rolls-Royce lililowachukua magavana na baadaye Mwalimu Nyerere. Utaiona na Austin ya siku za kupigania uhuru. Ni haki yao kuwepo, sipingi. Ila gari la mkubwa limepata paa, na gari la mkulima limepata nyundo. Huo ni uamuzi, hata kama hakuna aliyeuandika: tumekubali kwamba historia ni ya aliyekaa kiti cha nyuma, si ya aliyelala juu ya magunia.

Wapenzi wa ushairi, jambo hili lawahusu pia. Bodi la lori halikuja na meli kutoka Ulaya. Aghalabu ilikuja chasisi na kichwa. Bodi la mbao lilipigwa hapa, na mafundi wetu, kwa mbao zetu. Kisha akaja mchoraji akaandika: wasia, kijembe, dua, tambo. Ubao wa nyuma wa lori ni ndugu wa kanga. Tunakusanya majina ya kanga na kuyafanyia utafiti; misemo ya malori tunaiacha iungue pamoja na rangi yake.

Naijua hoja itakayoletwa: mkulima ana shida, na chuma ni fedha. Kweli. Lakini sijamwomba mwenye njaa ahifadhi chochote. Nawaambia wenye uwezo: vyama vikuu vya ushirika vya TANECU na MAMCU, halmashauri za wilaya, na Wizara yenye dhamana ya mambo ya kale. Wengine watasema malori hayo ni masalio ya mkoloni. Basi na mlango wenye komeo la shaba ya Bara Hindi tuung'oe? Kitu huwa chetu kwa kazi tuliyokifanyia na jasho tulilokimwagia.

Sisi wa mwambao tuna funzo letu. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari, tuliuacha upotee baharini. Ulipotakiwa kuundwa upya kwa ajili ya Beit-al-Ajaib, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mabaharia waliousafiria walikuwa wamekwisha kwenda mbele ya haki. Lori la Newala bado lina mashahidi. Wapo wazee wanaolisikia kwa mlio tu wakakwambia injekta ipi imeziba. Wakiondoka hao, hata tukilipata lori zima, tutakuwa na maiti isiyo na wasifu.

Linalotakiwa si kubwa. Kila wilaya ichague malori mawili au matatu kabla mizani haijafika. Yainuliwe juu ya magogo, yatolewe maji, yapakwe grisi, yawekwe chini ya bati. Huko juu, mbali na chumvi ya bahari, chuma hakina haraka ya kufa. Isipakwe rangi mpya juu ya maandishi ya zamani. Kisha vijana wa vyuo vya VETA wapewe kazi ya kuyafufua, mbele ya wazee hao, na kila neno la mzee liandikwe. Moja likiweza kutembea tena hadi bandari ya Mtwara na magunia yake, litafundisha kuliko vitabu kumi.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu sasa umo mizanini.