Dawa ikikosewa wodini: Kwa nini lawama huishia kwa nesi?

Herufi mbili tu: V na E. Ndizo alizobonyeza nesi RaDonda Vaught kwenye kabati la dawa la kielektroniki, Desemba 2017, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt mjini Nashville, Marekani. Alikuwa anatafuta Versed, dawa ya kumtuliza mgonjwa anayeogopa kuingia kwenye mashine ya kipimo. Alichotoka nacho ni vekuroniamu, dawa inayolegeza misuli ya mwili mzima, ikiwemo ile ya kupumulia.

Mgonjwa, mama wa miaka 75 aliyekuwa anaendelea kupata nafuu, alifariki.

Machi 2022 baraza la wazee wa mahakama lilimkuta Vaught na hatia ya kusababisha kifo kwa uzembe. Mei mwaka huohuo alihukumiwa kifungo cha nje cha miaka mitatu, chini ya uangalizi. Leseni yake ya uuguzi ilikuwa imeshafutwa mwaka mmoja kabla. Siku ya hukumu mamia ya wauguzi walikusanyika nje ya mahakama kumuunga mkono, si kwa sababu waliona hakukosea, bali kwa sababu walijiona wao wenyewe pale kizimbani.

Na kukosea alikosea, tena alikiri mapema. Versed ni jina la biashara. Kabati lilikuwa linatafuta kwa jina halisi la dawa, ambalo ni midazolamu. Lilipokosa Versed, akatumia kitufe cha dharura kinachoruka hatua ya mfamasia. Midazolamu huwa ya maji, lakini alichoshika kilikuwa unga wa kuchanganya. Kifuniko cha kichupa kilikuwa na onyo kwamba ni dawa ya kupoozesha. Baada ya kuchoma sindano hakubaki kumwangalia mgonjwa.

Lakini kuna upande wa pili. Utetezi ulisema kuruka hatua ya kabati lilikuwa jambo la kila siku hospitalini hapo. Hospitali ilimfukuza nesi, ikamalizana na familia nje ya mahakama, na haikuripoti kosa la dawa kwa mamlaka kama ilivyotakiwa. Wachunguzi wa serikali kuu walikuja kulifukua mwaka 2018 baada ya mtu asiyejitaja kutoa taarifa. Aliyeshtakiwa ni mmoja tu.

Mlango wa mwisho

Wodi nyingi za Afrika Mashariki hazina kabati la namna hiyo. Zina toroli la dawa, chati ya karatasi na kalamu inayoazimwa. Mtego, hata hivyo, ni uleule.

Dawa hupita mikono mingi kabla ya kuingia mwilini. Daktari anaandika, mfamasia anatoa, nesi anampa mgonjwa. Daktari akikosea, mfamasia anaweza kuona. Mfamasia akipitiwa, nesi anaweza kuona. Nesi akikosea, nyuma yake hakuna mtu. Ndiyo maana kosa lililoanzia mbali huonekana kama limezaliwa mkononi mwake.

Wakenya wanakumbuka tukio la mwaka 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, pale mgonjwa mmoja alipofanyiwa upasuaji wa kichwa uliokusudiwa kwa mwingine baada ya vitambulisho vyao kuchanganywa. Halikuwa kosa la dawa, lakini mnyororo ni huohuo. Waliosimamishwa kazi ni daktari wa upasuaji, mtoa dawa ya usingizi, na wauguzi wawili: wa wodini na wa mapokezi ya chumba cha upasuaji.

Chuoni wauguzi hufundishwa mambo matano: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Ni orodha nzuri. Shida yake ni kwamba inataja mwisho wa safari, haisemi unafikaje. Kila nesi aliyewahi kukosea aliamini kabisa ameshika dawa sahihi.

Chukua hilo la kwanza tu. Ukimuuliza mgonjwa aliyechoka, "Wewe ndiye Asha?", ana uwezekano wa kuitikia hata kama siye. Amesikia nusu, au anaogopa kubishana na sista. Ukimuuliza "Jina lako kamili nani?" inabidi alitaje mwenyewe. Na namba ya kitanda si kitambulisho, hasa pale wagonjwa wanapolala wawili wawili au kuhamishwa usiku.

Nukta inayoua

Mwandiko wa daktari umekuwa utani wa siku nyingi. Kwa anayetakiwa kuusoma saa tisa usiku, utani unakwisha.

Insulini yenye "10U" inaweza kusomeka 100, kwa sababu U iliyofungwa juu inafanana na sifuri. "1.0" nukta ikififia inakuwa 10. Ndiyo maana wataalamu wa usalama wa dawa wanataka neno "yuniti" liandikwe lote, sifuri isiwekwe baada ya nukta pasipo na haja (andika 1, si 1.0), lakini iwekwe kabla yake (0.5, si .5). MSO4 ni kifupi cha morfini na MgSO4 ni cha magnesiamu salfeti. Tofauti ni herufi moja ndogo, dawa ni mbili tofauti kabisa.

Nesi akikuta agizo lisilosomeka, kanuni haimruhusu kukisia, hata kama "daktari huyu tunamjua, huwa anaandika hivi". Anampigia aliyeandika. Si kuuliza mwenzake wa zamu "hii unaionaje?", maana watu wawili wanaokisia bado wanakisia.

Agizo la simu

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Ni usiku. Daktari wa zamu yuko chumba cha upasuaji au nyumbani. Hali ya mgonjwa inabadilika, nesi anapiga simu, anaambiwa "mpe hiki". Kwenye karatasi hakuna kitu.

Utaratibu unaokubalika sehemu nyingi duniani ni kwamba agizo la mdomo ni la dharura tu. Nesi anaandika palepale wakati anasikiliza: jina la mgonjwa, dawa, dozi, njia, saa, na jina la daktari. Kisha anamsomea daktari alichoandika, naye anathibitisha. Mpangilio huo una maana. Ukirudia kwa kichwa unarudia ulichodhani umesikia. Ukisoma ulichoandika, kosa la sikio na la kalamu yote yanajitokeza. Ikiwezekana nesi wa pili naye asikilize simu. Daktari akifika anasaini, na hospitali nyingi huweka ukomo wa saa 24.

Namba hutajwa tarakimu moja moja. Kwa Kiingereza, ambacho madaktari wetu wengi hutumia kutoa maagizo, "fifteen" na "fifty" kwenye simu yenye mtandao mbovu ni kitu kimoja. Kwa Kiswahili, kumi na tano na hamsini ni vigumu kuzichanganya. Hapa lugha ya mtaani inaishinda ya chuoni.

Sasa tatizo. Daktari anafika asubuhi, anapita raundi haraka, hasaini. Siku tatu baadaye mgonjwa anazidiwa na familia inauliza nani alitoa dawa ile. Kwenye faili kuna jina moja tu, la nesi. Daktari akisema "sikumbuki kusema hivyo", nesi atatetewa na nini?

Ujumbe wa WhatsApp walau unabaki. Lakini nao unakaa kwenye simu ya mtu binafsi, si kwenye faili, na picha ya chati iliyotumwa kwenye kundi lisilo sahihi ni siri ya mgonjwa iliyovuja.

Agizo sahihi, mgonjwa si wa jana

Kuna dhana kwamba kazi ya nesi ni kutekeleza alichoandika daktari. Magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba, inaivunja dhana hiyo vizuri.

Kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mama anaanza na gramu 4 mshipani, polepole, zikiwa na nguvu ya asilimia 20. Ampuli inayopatikana wodini mara nyingi ni ya asilimia 50. Kwa hiyo nesi anavuta mililita 8 za dawa na kuongeza mililita 12 za maji ya sindano, apate 20. Hesabu hiyo anaifanya huku mama anatetemeka na ndugu wanalia mlangoni. Papo hapo kunafuata gramu 10 za msuli, tano kila takō.

Baada ya hapo ni gramu 5 kila baada ya saa nne. Agizo lipo, limesainiwa, halina kosa. Lakini kabla ya kila sindano nesi lazima apime: mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika? Goti linaruka likigongwa? Mkojo unafika mililita 30 kwa saa? Kama anapumua mara 12, sindano haichomwi, hata daktari angeandika kwa wino mwekundu. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzima sumu ya magnesiamu, inatakiwa iwe karibu tayari.

Kwa watoto wachanga hesabu ni nyembamba zaidi. Kichanga wa kilo 3 anayetakiwa kupata gentamisini miligramu 5 kwa kila kilo anahitaji miligramu 15. Ampuli ya kawaida ina miligramu 80 ndani ya mililita 2. Dozi yake ni mililita 0.375, kiasi kinachoonekana kwa shida ndani ya bomba la sindano. Nukta ikihama hatua moja inakuwa 3.75, na nesi atalazimika kufungua ampuli ya pili kwa ajili ya kichanga mmoja.

Hiyo ampuli ya pili ndiyo kengele. Wauguzi wazoefu husema dawa ikianza kukutaka ufanye kitu usichokizoea (kufungua ampuli nyingi, kukoroga unga ulioujua kuwa maji), simama. Vaught alipata kengele hiyo mkononi, akapita.

Kwa nini mtu anapita? Mara nyingi kwa sababu amekatishwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia wauguzi 98 katika hospitali mbili za Sydney, Australia, wakitoa dawa zaidi ya mara 4,000. Kila walipokatishwa, makosa ya kiutaratibu na ya kitabibu yaliongezeka kwa takriban asilimia 12 hadi 13. Hao ni wauguzi wa Sydney. Nesi wa kwetu anayetoa dawa wodi nzima peke yake anaitwa na ndugu wa mgonjwa, anapokea simu ya maabara, anafungua mlango, anamtafuta mtu wa oksijeni.

Nani anaruhusiwa kuuliza?

Nesi mwenye miaka miwili kazini anamwambia daktari bingwa, "Daktari, naomba urudie hiyo dozi." Sentensi fupi, lakini kwenye baadhi ya wodi ni kama kumvunjia mtu heshima. Akijibiwa kwa ukali mara mbili, mara ya tatu atanyamaza, na mara ya tatu ndiyo inaweza kuwa ile yenye kosa.

Kwa maadili ya taaluma, muuguzi anawajibika kwa dawa anayoitoa yeye mwenyewe. "Niliagizwa" si kinga. Kama ndivyo, haki ya kuuliza na ya kugoma kutoa dawa anayoitilia shaka haiwezi kuwa hisani ya daktari mpole. Inabidi iandikwe kwenye utaratibu wa hospitali, pamoja na namba ya mtu wa kupigiwa pale wawili hao wasipokubaliana. Bila hivyo tunamdai mtu uwajibikaji ambao hatukumpa madaraka yake.

Mwaka 2017 WHO ilizindua kampeni ya dunia ya kupunguza kwa nusu, ndani ya miaka mitano, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuepukika. Ilikadiria makosa ya dawa huigharimu dunia dola bilioni 42 kwa mwaka. Makosa hayapungui kama hayasemwi, na nesi aliyemwona mwenzake akifungwa pingu hatasema. Jimbo la Kentucky, jirani wa Tennessee ilipo Nashville, lilipitisha sheria mwaka 2024 inayowakinga wahudumu wa afya dhidi ya kesi za jinai kwa makosa ya kitabibu, isipokuwa uzembe uliokithiri.

Tanzania ina Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) na Kenya ina Bodi ya Famasia na Sumu, zote zinapokea taarifa za madhara ya dawa kutoka kwa wahudumu na hata kwa wananchi. Njia ipo. Kinachoamua kama itatumika ni kitakachompata aliyeripoti Jumatatu asubuhi ofisini kwa matroni.

Wewe uliyelazwa, au uliyekaa pembeni ya kitanda cha mtoto, una nafasi yako pia. Taja uzito wa mtoto hata kama hujaulizwa. Sema dawa inayokudhuru, na zote unazotumia nyumbani, za miti shamba zikiwemo. Sista akija na sindano, muulize ni dawa gani na ya nini. Na kama yuko katikati ya kuhesabu matone au kuvuta dawa, subiri amalize kwanza.