Bakora ya Mzazi Haichaguliwi kwa Macho



Mzazi aliyezoea sakafu na mchanga wa pwani akihamia kwa mwanawe Kitengela, hukutana na ardhi nyingine: udongo mweusi, ambao masika hunata miguuni na kiangazi hupasuka nyufa. Mtoto mwema hukimbilia dukani, akanunua mkongojo wa kwanza aliouona, akadhani wajibu umekwisha. Kumbe mkongojo usiomfaa mzee huweza kumwangusha, na nyonga ikivunjika uzeeni, wengi hawarudii kutembea kama zamani.

Ikiwa ni mguu mmoja tu wenye udhaifu, bakora moja yatosha. Hushikwa kwa mkono wa upande ulio mzima, si upande wa mguu mbovu. Hapo wengi hukosea. Kupima urefu, mzee asimame wima, amevaa viatu vyake vya kila siku na mikono imening'inia. Mpini ufike kwenye mkunjo wa kiwiko cha kiganja, pale inapovaliwa saa.

Magongo ya kwapani yaachiwe nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa. Uzito hubebwa na viganja. Ukiegemezwa kwapani, mishipa ya fahamu huumia.

Anayeyumba pande zote humfaa fremu ya miguu minne. Lakini fremu haipandi ngazi, na yenye magurudumu madogo hukwama topeni.

Kagua mpira wa ncha ya chini mara kwa mara, ukilika, ubadilishwe. Ondoa mikeka inayoteleza katika njia ya kwenda kutawadha, na uwashe taa usiku.

Aliyepata kiharusi aonwe kwanza na mtaalamu wa tiba ya viungo, kama vile katika hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Kajiado. Mwenye ulemavu aliyesajiliwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu aweza kuomba msaada wa vifaa. Chama cha APDK, tunachokijua kwa karakana za Bombolulu, nacho kimewahudumia walemavu tangu mwaka 1958.

Mwisho, msimnunulie mzee pasipo kumshirikisha. Wengi huificha bakora mlangoni kwa haya. Mkumbusheni kwa upole kwamba Nabii Musa, alayhi ssalaam, aliegemea fimbo yake, wala haikumpunguzia heshima. Mpeni aishike, aijaribu, achague mwenyewe. Aliyoichagua ndiyo atakayoitumia.