Kerezo Limezikwa Hai

Hakuna mashine inayosingiziwa katika karakana za shule kama ile ya kukereza mbao. Ikitetemeka kidogo, ati imeharibika. Ikinguruma bila kuzunguka, ati mota imeungua. Basi hufunikwa gunia, na watahiniwa wa Useremala hubaki kuiona kwenye picha za vitabu tu. Wengi wetu huiita "leidhi", lakini Kiswahili kina neno lake, kerezo, nami nitalitumia hata wenzangu wakinicheka.

Maoni yangu ni kwamba magonjwa mengi ya kerezo yanaweza kutambuliwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, mradi mwalimu awepo.

Tuchukue ugonjwa mkuu, yaani kutetemeka. Watu hukimbilia kulaumu beringi. Mbona wasianze na mbao yenyewe? Toa kile kipande, washa mashine ikiwa tupu. Ikitulia, kosa ni la kipande: hakikupimwa katikati sawasawa, au kina fundo zito upande mmoja. Kipigwe randa pembe zake nne ziwe nane, kisha kirudishwe kwa mwendo wa chini. Ikiendelea kutetemeka ikiwa tupu, zima, chomoa plagi, toa mkanda, halafu ijaribiwe mota peke yake. Mota ikitulia, basi ugonjwa uko kwenye mkanda, kapi au beringi. Mkanda uliokaa likizo nzima bila kusogezwa huota kibiongo, na kila kibiongo kikipita kwenye kapi mashine huruka. Skrubu ya kapi iliyolegea nayo hugonga kama mlango wakati wa upepo. Beringi hupimwa kwa mkono, plagi ikiwa nje: zungusha mhimili usikie kama kuna mchanga ndani, kisha uutikise juu na chini. Ukicheza, hapo kweli beringi imekwisha, inunuliwe nyingine.

Kuna pia kipande kukataa kuzunguka ilhali mashine inazunguka. Meno ya ile ncha ya upande wa mota yamekuwa butu. Yanolewe kwa tupa, kisha yapigwe ndani ya kipande kwa nyundo ya mbao, kipande kikiwa mezani. Anayegonga kipande kikiwa kwenye mashine anaziua beringi, na wagongaji wa namna hiyo ni wengi! Moshi ukitoka upande wa pili, ni ncha isiyozunguka inayosugua mbao. Tia nta kidogo, usikaze kupita kiasi. Patasi ikinasa na kuruka, tazama egemeo lake. Liwe karibu na kipande, kama milimita 3 hivi, nawe ukizungushe kwa mkono kwanza.

Jambo tunalofundishwa kwa haraka mno ni mwendo. Kipande chenye kipenyo cha sentimita 10 kikizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake husafiri kama mita 314. Kikiwa cha sentimita 20, mwendo uo huo huupa ukingo mita 628. Kwa hiyo mwendo uliofaa mguu wa kiti unaweza kulirusha bakuli usoni mwa mtu.

Wapo watakaosema wanafunzi wataumia. Kweli, mashine hii haina mchezo: tai ivuliwe, mikono ya sweta ikunjwe, macho yafunikwe miwani. Na mota inayonguruma bila kuanza, mara nyingi kapasita yake ndiyo imekufa, nayo huweza kuhifadhi umeme hata plagi ikishachomolewa. Hapo sina ubishi, aitwe fundi wa umeme. Lakini kumwita fundi aje kukaza skrubu ya kapi? Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, wazazi walijenga karakana kwa harambee baada ya harambee. Pesa zao zisiishie kwenye nauli ya fundi.

Ninaloomba ni daftari moja tu, litundikwe kando ya kerezo, kila kundi liandike lilichosikia na lilichogusa kabla ya karakana kufungwa. Fundi akija ataanzia hapo, badala ya kutulipisha siku nzima ya kutafutatafuta.