Deni ni la Mzazi, Mbona Mtoto Ndiye Anafungiwa Geti?

Wasee, leo naongelea hii maneno ya karo kwa shule za kibinafsi. Najua kuna mwenye shule atakasirika. Kuna mzazi pia atakasirika, kwa hivyo someni mpaka mwisho kabla mnitusi.

Kama umesomea shule ya kibinafsi ya mtaani, si zile za bwawa la kuogelea, hizi zetu za ghorofa mbili zimebanwa katikati ya ploti za watu, unaijua listi. Gwaride la asubuhi, bursa anasimama na karatasi, anaanza kusoma majina. Ukisikia lako, unachukua begi unaelekea geti.

Mimi nilisomwa nikiwa kidato cha pili. Kilichoniuma si kutembea hadi nyumbani. Ni vile shule nzima ilijua mathe hana doo kabla mathe mwenyewe ajue nimetumwa. Nilimpata sokoni kwa meza yake ya nyanya, nikampa barua. Akaisoma mara mbili, akaikunja, akaanza kupigia watu simu. Nilikaa nyumbani siku tisa. Kurudi, nikapata wenzangu wamemaliza logarithimu, na mpaka leo mimi na logarithimu tunasalimiana kwa umbali.

Sasa nisikilizeni hapa. Hizo siku tisa hazikuleta hata shilingi moja. Karo ililipwa kwa sababu zamu ya mathe kwa chama ilifika. Ingefika tu hata nikiwa darasani. Shule ilinifukuza, na haikupata pesa mapema hata kwa dakika moja. Mimi ndio nilipoteza.

Kwangu hii hoja ni rahisi: karo ni makubaliano ya watu wazima wawili, mwenye shule na mzazi. Mtoto hakusaini kitu. Ukimtuma nyumbani, unamshika kama dhamana.

Lakini tusidanganyane pia. Anti yangu ni mwalimu wa shule ya kibinafsi. Shule ya upili ya umma imewekewa na serikali shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, hata kama huwa zinachelewa. Shule ya anti haipati hiyo kitu. Karo ndio mshahara wake, ndio kodi ya jengo, ndio githeri ya saa saba. Corona ilipofunga shule Machi 2020, karo ilikauka na mshahara wake ukakauka siku hiyo hiyo. Aliuza mayai ya kuchemsha mpaka shule zote zikafunguliwa Januari 2021, na kuna shule za kibinafsi ambazo hazikufungua tena. Kwa hivyo usiniambie eti wenye shule wote wamejaa pesa. Mzazi mwenye uwezo anayekataa kulipa, anayehamisha mtoto kila mwaka akiacha madeni nyuma kama maganda ya ndizi, huyo anakula mshahara wa anti yangu. Huyo simtetei.

Ila wengi si hao. Wengi ni kina mathe. Na shida yao kubwa ni kalenda. Muhula unakuja na bili moja kubwa. Mama mboga, dereva wa nduthi, fundi wa mjengo, hao wanapata pesa ya siku. Mwambie mtu wa pesa ya siku alete 30,000 wiki ya kwanza, atakimbilia mkopo wa simu, na muhula ujao ana madeni mawili. Lakini gawanya hiyo 30,000 kwa wiki 12. Ni 2,500 kwa wiki. Bado ni ngumu, lakini ni kitu anaweza kushika.

Na usiniambie haiwezekani. M-Pesa iko tangu 2007. Mtu anatuma 200 akiwa juu ya nduthi. Watu mtaani wananunua simu kwa kulipa kila siku kidogo kidogo. Kampuni ya simu ilielewa mama mboga anapata vipi pesa, shule ambayo inaonana naye kila siku haijaelewa. Kweli, usipolipa, hiyo simu inafungwa. Hapo ndio tofauti: simu ikifungwa wiki mbili, ikifunguliwa iko vile ilikuwa. Mtoto hayuko hivyo. Ule muda umeenda.

Kitu kingine, aibu. Siku hizi listi imetoka gwarideni imeingia grupu ya WhatsApp ya wazazi. Jina la mtoto, darasa, deni, wazazi wote wanasoma. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na habari za mtoto si za kurushwa ovyo. Mwaka 2023 shule moja ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Hizo zilikuwa picha tu. Mwenye shule, fikiria hiyo listi yako.

Na vyeti. Kuna wasee wa rika langu cheti chao cha KCSE kimelala kwa kabati ya ofisi kwa sababu ya balansi. Sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012 inasema hakuna mtu au taasisi inayofaa kumzuilia mtahiniwa cheti chake. Halafu fikiria hesabu yenyewe: unataka huyu kijana alipe deni, na umemnyima karatasi ya kutafutia kazi. Atalipa na nini?

Shule ifanye nini basi? Muhula ukianza, iulize kila mzazi analipa vipi: siku, wiki au mwezi. Iandikwe, pande zote zisaini. Akikosa mara moja, apigiwe simu yeye, kwa faragha. Akikosa mara ya pili, aitwe ofisini wabadilishe mpango. Yule mkaidi kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inachukua madai mpaka shilingi 1,000,000 na inafaa kumaliza kesi kwa siku 60. Na kama lazima mtoto ahame, ahame muhula ukiisha, mzazi akiwa amepewa notisi mapema. Si Jumanne saa nne, katikati ya hesabu.

Na sisi? Wengi wetu sasa ndio tunalipia wadogo zetu. Ukijua utachelewa, nenda kabla hujaitwa. Usizime simu. Nenda na kitu hata kama ni 1,000, na useme tarehe unayoweza, si tarehe ya kufurahisha bursa. Omba mpango uandikwe. Kila ujumbe wa M-Pesa uweke, kwa sababu vitabu vya shule zingine vina usahaulifu wa ajabu.

Mwaka jana nilimpeleka mathe kwa shule ya brathe yangu mdogo, tukaongea na mwalimu mkuu muhula ukianza. Tukakubaliana 2,000 kila Jumamosi jioni, soko likifungwa. Tulikosa wiki mbili, tukapigiwa simu, tukafidia. Tulimaliza tukiwa tumechelewa kidogo. Shule ilipata pesa yake yote, na brathe hajui hata siku moja deni letu lilikuwa ngapi.

Sasa niambie, wewe ulitumwa karo mara ngapi, na kuna siku kutumwa kwako kulileta hiyo pesa haraka? Mwenye shule pia aseme. Nataka kusikia pande zote.