Aliyekesha Lindoni Alale Kwanza

Mume wangu ni askari, mimi ni muuguzi, na kuna wiki ambazo sote wawili tunakesha, yeye lindoni, mimi wodini. Asubuhi ndipo njia zetu zinapoachana. Mimi nikishakabidhi wagonjwa kwa wenzangu wa mchana, hakuna daktari atakayenisimamisha uani nikimbie kwanza ndipo niende kulala. Yeye akiteremka lindo anakuta filimbi imeshalia. Wenzake waliolala usiku kucha wamejipanga mstari, naye anaingia mstari huohuo, mbio zinaanza kwa nyimbo.

Kikosi chake sitakitaja, kwa sababu desturi hii haikuanzia kwake na vikosi vingi duniani vinayo. Ninalodai ni dogo: aliyelinda usiku alale kwanza, mazoezi yake ayafanye jioni. Sisemi asamehewe. Askari mwenye kitambi hatufai, hata sisi wake zao.

Sisi watu wa Kamina, hapa Kongo, hatufundishwi kazi ya usiku. Mji huu ulikulia kwenye makutano ya reli, moja ikielekea Lubumbashi, moja Ilebo, nyingine Kabalo hadi Kalemie, na treni haina habari na jua. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wabelgiji wakajenga hapa kambi kubwa yenye uwanja wa ndege. Ndege zilizowapeleka makomando wa Kibelgiji Stanleyville, Kisangani ya leo, asubuhi ya tarehe 24 Novemba 1964, ziliruka kutoka hapa usiku wa manane. Na tangu mwisho wa mwaka 2022, vijana walipoitwa kujiandikisha kwa ajili ya vita vya mashariki mwa nchi, wamo waliokuja kufunzwa hapahapa. Ni watoto wetu, na lindo ni miongoni mwa kazi za kwanza watakazopewa.

Lindo lenyewe, kwa kawaida, ni masaa mawili ya kusimama na manne ya kupumzika, hivyo hivyo mpaka kunakucha. Kuna wanaoniambia, "Lakini mama, si wanalala hayo manne?" Hawajaliona hilo pumziko. Mtu amejinyoosha juu ya ubao na viatu mguuni, mkanda kiunoni, bunduki ubavuni, mbu sikioni. Akianza kupotelea usingizini, mkaguzi anapita. Miezi ya Juni na Julai, baridi ya kiangazi inamwingia mpaka kwenye mifupa, na koti moja linapokezanwa na watu wawili.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho kwa masaa 17 anafanya kazi kama mtu mwenye pombe kwenye damu kiasi cha asilimia 0.05, kiasi ambacho nchi nyingi hazimruhusu dereva kukivuka. Sasa fikirini. Askari akikutwa mstarini ananuka lutuku, anafungwa siku hiyohiyo, na ni haki yake. Huyu aliyekesha, ambaye kichwa chake hakina tofauti kubwa na cha yule mlevi, anaambiwa aongeze kasi.

Wauguzi tunaliona upande mwingine pia. Kijana anapoletwa amelegea baada ya mbio ndefu, swali langu la kwanza ni mkojo una rangi gani. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, najua misuli imeanza kuvunjika na kumwaga sumu yake kwenye figo. Katika nchi yetu watu wengi wamebeba nusu ya urithi wa seli mundu bila kuumwa wala kujua, na wao wako hatarini zaidi kupatwa na jambo hili wakijikaza kupita kiasi. Aliyetoka lindoni mara nyingi hajanywa maji tangu jioni, na bukari yake ya mwisho ilikuwa ya jana.

Najua jibu la makomanda: adui hangoji ulale, kwa hiyo askari azoee uchovu. Ni kweli, azoee. Lakini zoezi la kuvumilia uchovu lina mpango wake, lina siku yake, na tabibu yuko karibu. Hili la kila asubuhi halikupangwa na mtu. Ni ratiba mbili zilizogongana, na aliye katikati hana cheo cha kulalamika. Jeshi la maji la Marekani lilijifunza kwa gharama kubwa: mwaka 2017 manowari mbili, USS Fitzgerald na USS John S. McCain, ziligongana na meli za biashara, moja usiku, moja alfajiri, wakafa mabaharia 17. Uchunguzi ulitaja uchovu miongoni mwa sababu, na zamu zikaanza kupangwa kufuata saa ya mwili. Mwaka 2020 jeshi lao la nchi kavu nalo likaandika kwenye mwongozo wake wa mazoezi kwamba usingizi ni sehemu ya utimamu wa askari. Hao si watu laini.

Wengine wanahofu kwamba tukiwaruhusu walinzi kulala, kila mvivu ataomba lindo. Aombe! Nani hasa anagombania kusimama gizani na mbu? Na daftari la zamu si lipo, likiwa na majina na masaa? Sajini aongeze safu moja tu: nani kateremka asubuhi, nani atakimbia saa kumi jioni. Kwa hilo hatuhitaji kibali kutoka Kinshasa.

Kulala kwenyewe mchana kambini nako ni vita. Bati linawaka tangu saa nne, watoto wanapiga mpira wa matambara ukutani, na jirani yangu sombe yake lazima aitwange mimi nikiwa ndiyo kwanza nimefumba macho. Vita hivyo tutavimaliza sisi wanawake wenyewe: nimeshamwomba ahamishie kinu upande wa pili wa nyumba, na amekubali, ila kwa siku za lindo tu.