Mtihani wa Kazi ya Serikali Huanzia Nyumbani

Tume ya Utumishi wa Umma ya Uganda, iliyowekwa kwa kifungu cha 165 cha Katiba ya mwaka 1995, inapotangaza nafasi za kazi, nyumba nyingi za Kampala huwa na mtahiniwa. Wengi hukosea tangu siku ya kwanza: hufunua madaftari ya chuo na kuyakariri. Lakini mtihani wa kupima uwezo hautaki mambo ya kukariri. Hupima wepesi wa kukokotoa asilimia na uwiano, kuelewa habari iliyosomwa, na kupambanua hoja, tena kwa muda mfupi.

Basi yampasa mtahiniwa ajizoeze mbele ya saa. Achukue maswali 20, ajipe dakika 20, kisha asahihishe, na kila alilokosa alirudie kesho yake. Swali gumu aliruke, alirejee mwishoni. Kukesha usiku wa kuamkia mtihani ni kujidhulumu. Na anayejidai kuuza karatasi ya mtihani ni tapeli.

Liko kosa jingine, nalo si la mtahiniwa. Binti mhitimu apikaye, afuaye na kulea watoto kutwa nzima, hushika daftari saa nne usiku, macho yamekwisha kuwa mazito. Kaka yake amesoma tangu alasiri. Akishindwa, huambiwa hana akili. Wazazi wawagawie wote wawili kazi za nyumbani, ili kila mmoja apate saa mbili za utulivu kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.